Nazi Iangukayo Ina Nguvu Kiasi Gani?

Mimi si mtaalamu wa elimu ya fizikia. Nilisoma kiasi cha kuandika barua na kufanya hesabu za duka, na umri wangu mwingi nimeumaliza katika biashara ndogo ndogo hapa Kisauni, Mombasa. Lakini hivi karibuni nimefunzwa somo na kijana wa ndugu yangu, tena mbele ya wazee wenzangu barazani, na naona si haki kulificha. Huenda likamfaa mtu mwingine mwenye mnazi.

Mimi ninao mnazi mmoja. Umesimama pembeni mwa ua wangu, na kwa kuwa minazi yetu haipendi kusimama wima, kichwa chake kimeinamia ua wa jirani. Jirani huyo, mama mwenye watoto wadogo, aliniletea salamu mara nyingi kwamba nimwite mkwezi aziangue zile nazi zilizokauka. Kila mara nilimjibu "Inshallah", na namwomba Mungu anisamehe, kwani ilikuwa inshallah ya mtu asiye na nia.

Basi siku moja, baada ya sala ya alasiri, nazi ikaanguka. Ilianguka juu ya sakafu ya saruji mahali ambapo mtoto wake wa miaka minne alikuwa akichezea vifuu dakika chache kabla. Mtoto alikuwa ameitwa ndani kuoshwa mikono. Sakafu ikapata ufa. Jirani hakupiga kelele wala hakunitukana. Alikuja nayo ile nazi akaiweka mbele ya mlango wangu, akasema, "Hii ni yako, Mzee," akaenda zake.

Jioni yake, dele la kahawa lilipokuwa likizunguka barazani, nilianza kujitetea. Nikasema, "Nazi yenyewe nimeipima na makumbi yake. Ni kilo moja na nusu. Haifiki hata pakiti ya unga! Mama yule amekuza mambo."

Nahodha mmoja mstaafu, mtu wa majahazi tangu ujanani, akatikisa kichwa. "Usiseme hivyo, bwana. Kitu kikianguka kutoka juu hupata nguvu."

"Nguvu kiasi gani?" nikauliza. Mmoja akasema kilo kumi, mwingine akasema hamsini. Wa tatu akasema kilo moja na nusu ni kilo moja na nusu, iwe juu ya mti au juu ya mizani. Maneno yakawa mengi. Ndipo tulipomgeukia kijana wa ndugu yangu, ambaye yuko chuo kikuu na alikuwa amekuja likizo. Tukamwambia atukate shauri.

Akafikiri kidogo, akasema, "Ami, swali hilo halina jawabu."

Wazee wakaangua kicheko. Mimi nilikasirika, kwa maana karo yake nimeichangia. Lakini kijana hakutahayari. Akasema, "Halina jawabu mpaka uniambie nazi imeangukia kitu gani. Tena mmeuliza mambo mawili kwa neno moja, ndiyo maana hamwafikiani."

NENO MOJA, MAANA MBILI

Hebu tazama, msomaji, jinsi tunavyolitumia neno "nguvu". Twasema nguvu za mwili, nguvu za umeme, nguvu ya upepo, dawa yenye nguvu, nguvu za serikali. Kwa mazungumzo ya kila siku halina kasoro. Lakini mtu anayetaka kupima na kuhesabu hawezi kwenda nalo mbali, kama vile mfanyabiashara asivyoweza kuweka daftari moja la mali na la safari.

Wataalamu wa Kiswahili wameligawa. Kule kusukuma au kuvuta wamekuita kani. Kile kinachohifadhiwa katika maji ya bwawa, katika kuni, katika chakula na katika jiwe lililo juu, wamekiita nishati. Sisi wa Kenya tumezoea kukiita kawi, ndiyo maana tumekuwa na Wizara ya Kawi, na wenzetu wa Tanzania wakawa na Wizara ya Nishati.

Hapo maalim wetu wa chuoni, ambaye alikuwa kimya akinywa kahawa yake, akaingia. Akasema Waarabu nao hutenganisha: kani huiita "kuwwa", neno lile lile tulisikialo kila tunaposema lahaula, na nishati huiita "taka". "Sasa," akasema, "hii kawi yetu mzizi wake ni ule ule wa kuwwa. Yaani tumechukua jina la kani tukaipa nishati! Msishangae watoto wakichanganyikiwa."

Kijana akafurahi, akasema kwa ufupi jambo ambalo limenikaa moyoni: "Nishati ni mali, Ami. Kani ni ule mkono unaoitoa mali kwa huyu na kumpa yule. Mali huwekwa akiba na huhesabiwa. Mkono hauwekwi akiba. Upo wakati wa kutoa na kupokea tu."

Ili kutuhakikishia, akatutegea vitendawili. Nakuletea vitatu, nawe jaribu kujibu kabla ya kuendelea kusoma.

MIZANI YA MUUZA SAMAKI

Chukua mizani ya kuning'iniza yenye springi, kama wanayotumia wauza samaki. Ilaze, kisha funga kamba huku na huku. Pitisha kila kamba juu ya kapi, na mwishoni mwa kila kamba ning'iniza jiwe la kilo kumi. Mizani imevutwa kilo kumi kulia na kilo kumi kushoto. Je, mshale utaonyesha ngapi?

Nusu ya baraza ilisema ishirini, kwa kuwa kumi na kumi ni ishirini. Waliobaki wakasema sifuri, kwa kuwa pande mbili zimevunjana. Wote tulikosa. Mshale utaonyesha kumi.

Kijana akaeleza: muuza samaki anapopima changu wa kilo kumi, mizani yake hutundikwa kwenye msumari wa darini. Samaki huvuta chini kwa uzito wa kilo kumi. Je, msumari umekaa bure? La hasha. Msumari nao huvuta juu kwa kiasi kile kile, ama sivyo mizani ingedondoka pamoja na samaki. Siku zote mizani huvutwa pande mbili, ila hatumhesabu msumari. Katika kitendawili chetu tumemwondoa msumari tu, tukaweka jiwe la pili mahali pake.

Hiyo ndiyo kanuni aliyoiandika Isaac Newton katika kitabu chake cha mwaka 1687, kwamba kila kani ina mwenzake aliye sawa naye upande wa pili. Kwa hiyo kani si kitu ambacho mmoja anaweza kuwa nacho peke yake. Ni jambo lililo baina ya wawili, kama kupeana mkono. Ukisikia mtu akiuliza, "Nazi hii ina kani ngapi?" ni kama aliyeuliza, "Bwana huyu ana kupeana mikono kungapi?"

KUSUKUMA UKUTA

Cha pili. Mtu mwenye misuli amesimama tangu alfajiri hadi magharibi akiusukuma ukuta wa msikiti. Ukuta haukusogea hata unywele. Je, ameufanyia kazi kiasi gani?

Nahodha akaruka, "Kazi kubwa! Mwache ajaribu mwenyewe aone jasho." Lakini jawabu la fizikia ni sifuri. Kwao wao, kazi ni kani ukizidisha kwa masafa ambayo kitu kimesogea. Masafa yakiwa hapana, kazi nayo hapana. Kani ilikuwepo, tena kubwa, lakini hakuna nishati hata chembe iliyoingia ukutani.

Na jasho je? Jasho ni la kweli. Nyuzi za misuli ya binadamu haziwezi kukaza na kutulia kama jiwe. Hujikaza na kulegea bila kukoma, zikila chakula alichokula mtu na kukigeuza joto. Mali imetumika, lakini imetumika mfukoni mwa mwenyewe. Ukitaka ushahidi, iegemeze boriti pale pale kwenye ukuta. Itausukuma mwaka mzima bila kudai kifungua kinywa. Na meza iliyobeba mtungi wa maji haichoki, kwa kuwa kubeba bila kusogeza hakuhitaji nishati.

KAPI LA JAHAZI

Cha tatu kilimhusu nahodha. Kuna mzigo wa kilo 100 wa kupandishwa mita 5. Ukitumia kapi moja lililofungwa kwenye mzigo wenyewe, na kamba ikapita ndani yake na ncha moja ikafungwa juu, unaweza kuuinua kwa kuvuta kama kilo 50 tu. Je, zile kilo 50 nyingine zimebebwa na nani? Na kama nguvu imepungua nusu, je, tumepata kitu cha bure?

Nahodha akacheka, akasema swali hili amelijibu kwa mikono yake miaka arobaini. Alipokuwa akipandisha foromali na tanga lake, henza ikipita katika gofia, mabaharia walivuta kwa wepesi lakini kamba iliyowaangukia miguuni ilikuwa ndefu. "Ukipunguza uzito, unaongeza urefu," akasema.

Ndiyo hesabu yenyewe. Nusu ya mzigo hubebwa na ile ncha iliyofungwa juu. Lakini ili mzigo upande mita 5, lazima uvute kamba mita 10. Zidisha 100 kwa 5, upate 500. Zidisha 50 kwa 10, upate 500 vile vile. Kani imepungua nusu, nishati haikupungua. Kwa hakika utatoa zaidi kidogo, kwa sababu kamba husugua kapi na kulipasha moto.

Maalim akatukumbusha Ismail al-Jazari, yule fundi mkubwa wa Kiislamu aliyemaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206. Humo alichora vyombo vya kuteka maji vinavyozungushwa na wanyama na kwa maji ya mto. Ni vyombo vya ajabu, lakini hakuna hata kimoja kinachoweza kutoa nishati zaidi ya ile aliyoitia mnyama au mto. Mtambo hubadilisha kani, ukaifanya kubwa au ndogo. Nishati hauiongezi.

WENYE ELIMU NAO WALIGOMBANA

Nikamwuliza kijana kama ni sisi wazee wa baraza tu tuliochanganyikiwa. Akasema la, wakubwa wa elimu huko Ulaya waligombania jambo hili muda mrefu. Wafuasi wa Mfaransa Descartes walipima nguvu ya kitu kinachokwenda kwa kuzidisha uzito wake na mwendo wake. Mwaka 1686 Mjerumani Leibniz akasema wamekosea: mwendo wapasa uzidishwe kwa mwendo wenyewe. Yaani kitu kikienda maradufu, nguvu yake si mara mbili bali mara nne.

Katika miaka ya 1720 Mholanzi mmoja, Willem 's Gravesande wa Leiden, aliangusha tufe za shaba juu ya udongo laini wa mfinyanzi akapima mashimo. Akakuta tufe iliyokuja na mwendo maradufu ilichimba mara nne. Halafu mwaka 1740 mwanamke wa Kifaransa, Émilie du Châtelet, akaitetea hoja hiyo katika kitabu chake, wakati ambapo wanawake hawakukubaliwa katika vyuo vya wanaume. Hata hivyo, kile alichokipima Descartes hakikuwa upuuzi. Kilikuwa kitu kingine kilichostahili jina lake. Neno la nishati kwa maana ya leo lilianza kutumiwa na Mwingereza Thomas Young mwaka 1807. Basi kama wao walihitaji zaidi ya miaka mia moja, sisi wa Kisauni tusijione wajinga kwa kuhitaji jioni moja.

HESABU YA NAZI

Sasa turudi kwenye nazi yangu. Kijana akaomba nyundo na msumari. Akausimamisha msumari juu ya ubao, akailaza nyundo juu yake. Msumari haukuingia. Akainyanyua nyundo ile ile akapiga, msumari ukazama. "Uzito wa nyundo haukubadilika," akasema. "Nini kimebadilika?"

Jawabu ni hili. Nyundo ilipokuwa ikishuka ilijikusanyia nishati njiani, kidogo kidogo, katika masafa marefu. Ilipofika kwenye msumari ilitakiwa kuitoa mali hiyo yote katika masafa ya milimita chache. Mali iliyokusanywa kwa safari ndefu ikitolewa kwa safari fupi, mkono unaoitoa hauna budi kuwa mkubwa. Ndiyo kapi la nahodha, ila limegeuzwa.

Akatupa kanuni ambayo hata mtoto wa chuoni aweza kuitumia: gawanya masafa ya kuanguka kwa masafa ya kusimama, kisha zidisha kwa uzito. Hapo utapata wastani wa kani, isipokuwa ule uzito wa kitu chenyewe, ambao huongezwa juu yake.

Mnazi wangu tumeukadiria mita 12. Nazi ni kilo moja na nusu. Inapofika chini, baada ya sekunde moja na nusu hivi, inakwenda kiasi cha kilomita 55 kwa saa, sawa na matatu katika barabara iliyo wazi. Nishati yake ni kama juli 176, na hiyo haibadiliki iangukie wapi. Lakini kani je?

Ikiangukia mchanga mlaini ikazama sentimita 10, basi mita 12 ni mara 120 ya sentimita 10. Zidisha 120 kwa kilo moja na nusu, upate uzito wa kilo 180. Ikiangukia saruji ikasimama katika sentimita moja, kwa kubonyea makumbi yake tu, ni mara 1,200. Zidisha kwa kilo moja na nusu: kilo 1,800. Karibu tani mbili!

Baraza ikanyamaza. Nazi ile ile, mti ule ule. Juu ya mizani ni kilo moja na nusu, juu ya mchanga ni gunia mbili za mchele, juu ya saruji ni uzito wa gari. Ndiyo maana aliniambia swali langu halina jawabu. Nami sikuthubutu kumwuliza hesabu ya kitu kigumu kama fuvu la mtoto wa miaka minne. Yeye naye, kwa adabu yake, hakunitajia. Alisema tu kwamba mwaka 1984 daktari Peter Barss alichapisha uchunguzi wake kutoka hospitali ya Alotau huko Papua New Guinea. Katika miaka minne, wagonjwa 2.5 kwa kila 100 walioingizwa hospitalini humo kwa majeraha walikuwa wameangukiwa na nazi. Daktari huyo aliandika kwamba pigo la kichwa laweza kuzidi tani moja. Mwaka 2001 alipewa ile tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa uchunguzi unaochekesha kwanza kisha ukamfanya mtu afikiri. Sisi barazani tulikuwa tumekwisha kucheka.

SI NAZI TU

Msomaji asiye na mnazi asidhani yamempita. Dereva wa matatu akiongeza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, hudhani ameongeza hatari mara mbili. Sivyo. Nishati imekuwa mara nne, na breki zile zile zitahitaji masafa mara nne ili kuitoa: kama mita 14 za kusimama zimekuwa mita 55 na zaidi, mbali na zile zinazopotea kabla mguu haujafika kwenye breki. Na asiposimama kwa breki, atasimama kwa kitu kingine, katika masafa mafupi, kwa kani kubwa. Mkanda wa kiti na kofia ya pikipiki havipunguzi nishati. Huongeza masafa ya kusimama, na hayo machache ndiyo uhai wa mtu. Hata mpishi adakaye yai lililorushwa hurudisha mkono nyuma, asije akalipasua.

Asubuhi ya pili nilimwita mkwezi. Aliziangua nazi zote zilizokauka, akakata na makuti mazee yaliyokuwa yakining'inia. Ujira wake, ambao nilikuwa nimeukimbia muda wote ule, haukufika hata bei ya kutengeneza ule ufa, ambao nao niliutengeneza. Nusu ya nazi nilimpelekea jirani kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na mkwezi atarudi lini tena, Mzee?" Nikamtajia mwezi. Safari hii sikusema inshallah mpaka nilipokwisha kumlipa mkwezi nusu ya ujira wa mara ijayo.

Basi ewe mwenzangu mwenye mnazi ulioinamia njia ya watu, usiipime nazi kwa mizani ya dukani. Pima urefu wa mti, utazame na kilichoko chini yake. Kisha mwite mkwezi leo.